Chombo cha anga ndani ya kibanda cha mabati: uchambuzi wa kisa cha filamu moja ya mpakani

Kikundi cha vijana katika mji mmoja wa wilaya ya Kasese, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, kilitengeneza filamu ya Kiswahili kuhusu wahudumu sita wa chombo cha anga. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha video, watu walitoka kabla haijafika nusu. Miezi kadhaa baadaye hadithi ileile, ikiwa na sehemu kubwa ya picha zilezile, iliwakalisha watu wa kibanda kilekile hadi mwisho. Uchambuzi huu unahusu kilichobadilika katikati.

Majina ya watu, ya mji, ya filamu na ya kibanda nimeyaacha nje, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyageuza. Mimi niliingia hatua ya pili kwa kazi ya sauti. Ya hatua ya kwanza nimesimuliwa na wahusika, na hawakubaliani katika kila kitu.

Usuli

Wanakikundi wengi walikuwa wakipata riziki kwa kupiga picha za harusi na maziko, na kuuza vichekesho vifupi kwenye memori kadi. Walikuwa na kamera moja ya picha za mnato yenye uwezo wa video, lenzi mbili, maikrofoni moja, na kompyuta ambayo mhariri alilazimika kuizima kila mara ipoe. Mfadhili alikuwa mfanyabiashara wa kahawa mwenye jamaa pande zote mbili za mpaka. Fedha aliyotoa ingetosha harusi moja ya wastani, bila mapambo.

Wazo lilitoka kwenye habari. Tarehe 7 Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kutoka Wallops, jimbo la Virginia nchini Marekani, na mwezi uliofuata ikaachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Wahandisi watatu wa Uganda waliitengeneza wakiwa chuoni Kyushu, Japani. Ni mchemraba wenye pande za sentimita 10. Mwongozaji alipoona ukubwa wake kwenye runinga alisema, kwa mujibu wa wenzake, kwamba kama nchi imeshapeleka boksi la sabuni huko juu, kupeleka watu sita ni kazi ya skripti tu.

Swali la kwanza kubishaniwa lilikuwa lugha. Mfadhili alitaka Kiganda kwa sababu ya soko la Kampala. Mwongozaji alishikilia Kiswahili, na hoja yake ilikuwa ya biashara tupu. Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, lakini hilo halimsaidii muuza filamu. Kinachomsaidia ni kwamba mpakani Mkonjo na Mnande wanaelewana kwa lugha zao, ambazo ni karibu lugha moja, ila dereva wa lori kutoka Bunia, askari kutoka Gulu na mchuuzi wa samaki kutoka Katwe wanakutana kwenye Kiswahili. Soko la Kiganda tayari lilikuwa limejaa filamu za nje zilizotiwa sauti na ma-VJ, na bei yake huwezi kushindana nayo. Kiswahili kilifungua Beni, Butembo na Bunia, ng'ambo ya mpaka. Mfadhili alikubali alipotajiwa Butembo, maana huko ana madeni ya kukusanya.

Kwa msomaji asiyeijua Uganda, VJ ni mtu anayekaa na maikrofoni huku filamu ya nje ikiendelea, akitafsiri, akitania, akiwabandika waigizaji majina ya mtaani, na wakati mwingine akimwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Hata filamu za mwongozaji Nabwana za pale Wakaliga, Kampala, ambazo zimetengenezwa hapahapa, hutoka na sauti ya VJ juu yake. Mtazamaji wa kibanda amezoea kuwa na sauti ya mtu kati yake na picha. Kikundi kilijua hili, kwa kuwa wote wamekulia vibandani. Walipoanza kutengeneza filamu ya anga wakajiona wanatengeneza kitu cha aina nyingine kabisa, na hapo walilisahau.

Skripti: bunduki zinaondoka, madumu yanaingia

Rasimu ya kwanza ilikuwa na maharamia wa anga, na seremala alishaanza kuchonga bunduki za mbao. Kisha Juni 2023 waasi wa ADF walishambulia shule Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kijana mwenye ovaroli ya rangi ya fedha na bunduki ya mbao, akionekana jioni kwa mbali na askari wa doria, ni mtu mwenye bunduki. GISO, yaani ofisa usalama wa eneo, aliwaambia hivyo kwa upole, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akawaambia bila upole. Bunduki zikachomwa jikoni kwa seremala.

Mwongozaji aliumia. Filamu ya anga isiyo na mapigano ataiuza kwa nani? Walikaa bila hadithi hadi mmoja wao alipompelekea skripti mwalimu wake wa zamani wa fizikia na kemia. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora uliofanywa katika kazi nzima, na haukugharimu kitu zaidi ya soda.

Mwalimu alianza kwa kuvunja. Wahudumu walikuwa wakitembea ndani ya chombo kana kwamba wako barazani, na maelezo ya skripti yalikuwa kwamba chombo kinajizungusha. Mwalimu akakokotoa: chombo chenye nusu kipenyo cha mita 4, kama seti yao ilivyokuwa ikionyesha, kingehitaji kuzunguka karibu mara 15 kwa dakika ili mtu asimame kwa uzito wa duniani. Wote wangetapika kabla ya tukio la pili. Kikiwa na nusu kipenyo cha mita 100, mizunguko 3 kwa dakika inatosha. Kwa hiyo chombo kikawa gurudumu kubwa, na kikundi kikalazimika kupiga picha ya ujia mrefu unaopinda, ambayo baadaye ikawa moja ya picha zao nzuri.

Halafu akajenga. Kama hakuna adui, kiwepo kitu kinachokwisha. Kimondo kidogo kinatoboa tangi la oksijeni, na wahudumu wanalazimika kutua kwenye sayari wasiyoijua kutafuta maji, kwa sababu umeme ukipitishwa kwenye maji huyagawanya kuwa oksijeni na haidrojeni. Kituo cha Kimataifa cha Anga hutengeneza hewa yake kwa njia hiyohiyo. Mtu mmoja hutumia karibu gramu 840 za oksijeni kwa siku, na lita 1 ya maji ina karibu gramu 890. Yaani lita moja, mtu mmoja, siku moja, na kidogo kinabaki. Dumu la lita 20 ni pumzi za watu sita kwa siku tatu.

Mwongozaji anasema alipoandika sentensi hiyo ya mwisho alijua filamu ipo. Hakuna mtoto wa Kasese asiyejua uzito wa dumu la manjano.

Msokoto wa hadithi ulitoka kwenye mahali walipotaka kupigia picha za sayari, yaani vitalu vya chumvi vya ziwa Katwe. Mwalimu aliuliza swali moja: hayo maji si ya chumvi? Umeme ukipita kwenye maji mazito ya chumvi hutoa klorini, gesi ya sumu. Basi injinia wa chombo, msomi na mwenye haraka, anakaribia kuwaua wenzake wote kwa hewa aliyoitengeneza mwenyewe, na mpishi, ambaye bibi yake alikuwa mfanya chumvi, anawaonyesha jinsi ya kuchemsha yale maji kwanza na kukusanya mvuke. Kila kitu katika msokoto huo ni kweli ya maabara ya shule ya sekondari. Mandhari yao wenyewe ndiyo iliyowapa.

Seti, chumvi na giza

Ndani ya chombo palijengwa katika stoo tupu ya kahawa. Kuta zilikuwa trei za mayai zilizopakwa rangi ya kijivu. Vifaa vya rubani vilikuwa matumbo ya kompyuta zilizokufa, na taa za kumetameta zilikuwa indiketa za bodaboda zilizounganishwa kwenye betri. Helmeti zilikuwa za pikipiki. Yote haya yalifanya kazi vizuri mno, na sitakaa hapo, kwa sababu kila anayesimulia filamu za bajeti ndogo hupenda kukaa kwenye trei za mayai, na trei za mayai hazikuwa tatizo wala suluhisho.

Katwe ilikuwa ngumu zaidi. Ziwa liko ndani ya kreta, halina mto wa kulitoa maji, na pembeni yake familia zina vitalu vyao, ambamo maji huachwa jua liyakaushe hadi chumvi ijikusanye. Vitalu vingine hugeuka rangi nyekundu au zambarau. Ukiinua kamera kidogo ili mabanda yasionekane, uko nje ya dunia. Kikundi kiliomba ruhusa kwa mwenyekiti na kwa wenye vitalu, kikalipa kitalu kwa kitalu, na kikajiepusha na upande wa mbuga. Droni waliiacha, maana ukusanyaji wa vibali vyake, pamoja na vya usalama, ungekula bajeti yote. Wanawake wa pale waliwaonya wasiingie majini wakiwa na kidonda chochote. Kijana mmoja hakusikia, na tukio lake la kulia kwenye filamu si la kuigiza. Rangi ya fedha kwenye ovaroli ilianza kubanduka siku ileile. Miguu ya stendi ya kamera ilipata kutu.

Karibu na ziwa kuna mabaki ya kiwanda cha chumvi kilichojengwa na Wajerumani kuanzia miaka ya 1970, ambacho kilikufa mapema kwa sababu maji ya chumvi yalikula mabomba yake. Ni mahali panapomtia kichaa mpiga kamera yeyote. Wakapiga picha nyingi, wakaziita kituo kilichoachwa na ustaarabu uliopita.

Uamuzi uliowagharimu zaidi, ingawa hakuna aliyeuona kuwa uamuzi, ulikuwa wa mwanga. Mpiga kamera alitaka chombo kiwe na giza, nyuso zionekane nusu, kama alivyoona katika filamu kubwa za nje. Kwenye kompyuta ya mhariri, usiku, taa zimezimwa, ilikuwa nzuri kweli. Nimeiona. Kwa sauti walifanya vivyo hivyo. Mwongozaji alikuwa amesoma kwamba sauti haisafiri katika ombwe, kwa hiyo filamu ilianza na chombo kikipita angani kimyakimya kwa muda mrefu. Mhariri aliisikiliza kwa hedifoni na kuona inatia hofu.

Jumamosi ya kwanza

Maonyesho yalikuwa mchana. Kibanda ni cha mbao na mabati, runinga kubwa mbele, pazia mlangoni. Mabati yana matundu ya misumari, na saa tisa alasiri kila tundu ni mshale wa jua. Umeme haukuwepo, kwa hiyo jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta.

Filamu ilianza. Skrini nyeusi, chombo cheusi, kimya.

"Mama, spika imekufa!" mtu akaita.

Mama mwenye kibanda akaenda kutikisa waya. Mwongozaji akasimama, "Hapana Mama, ndivyo ilivyo, angani hakuna sauti," na kibanda kizima kikacheka. Kuanzia hapo akili zao hazikurudi tena kwenye filamu. Tukio la ndani ya chombo lilipofika, mtazamaji mmoja alisema anaona meno na taa tu. Mambo yote ya dumu na lita yalikuwa yamewekwa kwenye mazungumzo ya haraka kati ya injinia na kapteni, yakafunikwa na jenereta. Mtu akauliza adui yuko wapi. Wengine wakadai shilingi zao. Mama aliwapa, kisha akatia filamu ya kivita ya VJ ili kibanda kisimfie.

Jioni hiyo kulikuwa na maelezo matatu. Mwongozaji alisema watu wa hapa hawajakomaa kwa filamu za anga. Mhariri alilaumu runinga. Mama mwenye kibanda, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema, "Wanangu, hii mliitengeneza usiku, peke yenu, na masikioni mmeziba. Mimi wateja wangu wanakuja mchana, wako mia, na mlango hauna mlango." Ilichukua majuma kadhaa kabla ya mwongozaji kukubali kwamba hiyo ndiyo ripoti ya kiufundi waliyoihitaji.

Maamuzi ya hatua ya pili

La kwanza lilikuwa utaratibu. Hakuna tukio lingehesabika kuwa limekamilika hadi lichezwe kibandani, saa tisa alasiri, jenereta ikiwaka. Mama alikubali kuwapa dakika chache kabla ya onyesho lake la kawaida, kwa masharti kwamba wamfagilie.

Majaribio ya mwanzo yalionyesha kwamba giza halirekebishiki kwa kompyuta. Ukiinua mwanga wa picha iliyopigwa gizani kwa kamera ya aina ile, kinachopanda ni chengachenga. Basi matukio ya ndani ya chombo yalipigwa upya, yale tu yenye mazungumzo ya lazima. Paneli za rubani ziliwekewa taa nyeupe zinazomulika uso kutoka chini, na kuta zikapakwa rangi nyepesi ili zirudishe mwanga kwenye ngozi nyeusi za waigizaji. Ndani ya helmeti wakaweka taa ndogo. Mwalimu alipinga hili la mwisho: mwanaanga mwenye taa ndani ya kofia angeona uso wake mwenyewe tu kwenye kioo. Ni kweli. Lakini bila taa ile mtazamaji haoni mtu, anaona kofia, na katika hili nasimama na mpiga kamera.

Picha za nje ya chombo zilitatuliwa kwa urahisi usiotarajiwa. Kwa nini chombo kipite mbele ya weusi? Sayari inayomulikwa na jua ni kitu king'avu sana. Mhariri alijaza skrini nzima na sayari, nyekundu na nyeupe, rangi alizozichukua kwenye picha za vitalu vya Katwe, na chombo kikapita mbele yake kama kivuli. Hakuna kanuni ya fizikia iliyovunjwa, na kilionekana hata jua likiwa limetoboa mabati.

Sauti ndipo nilipoitwa, na hapa nitakaa kidogo.

Mwongozaji alikuwa tayari kutupa ukimya wote na kuweka mngurumo wa injini angani, kama wengi wafanyavyo. Nilimpinga, ila si kwa ajili ya fizikia. Mngurumo wa injini ni sauti nzito ya chini, na jenereta ya kibanda ni sauti nzito ya chini. Zikikutana, sikio halisikii injini ya chombo, linasikia jenereta imeongezeka. Sauti pekee zinazopenya jenereta ni zile za juu na zile zenye mdundo unaokatika: king'ora, mlio wa valvu, chuma kugongana, na zaidi ya zote, pumzi ya mtu.

Hapo ndipo kanuni aliyoisoma ilipogeuka upande wake. Ombwe halipitishi sauti, sawa. Lakini mtu aliye ndani ya suti ya anga hayuko kwenye ombwe. Yuko ndani ya hewa yake, anasikia pumzi zake, feni ya suti, na wenzake kwenye redio. Kimya kiko nje ya kofia. Kwa hiyo tukahamisha sikio la filamu nzima kutoka nje ya chombo hadi ndani ya kofia za wahudumu. Mwanzo mpya una sayari ing'aayo, mtu ananing'inia akitengeneza antena, na pumzi: ndani, nje, ndani, nje. Pumzi zinapoharakisha, kibanda kinajua kuna jambo kabla neno halijasemwa. Na filamu inayohusu hewa kwisha, je, ingeanza na sauti gani nyingine?

Tatizo la mwigizaji wa nafasi ya kapteni lilijitokeza katikati. Alikuwa amepata kazi nchi jirani na hakurudi. Hakuwa na mkataba, hivyo hakukuwa na wa kumlaumu. Wakamvisha suti dada mwingine wa kimo kilekile, wakageuza kioo cha helmeti kiakisi mwanga, na kapteni mwenyewe akatuma maneno yake kwa sauti za WhatsApp. Ubora wa sauti ile, mwembamba na wenye mikwaruzo, ulikuwa ubora kamili wa redio ya chombo. Nilichofanya mimi ni kutoigusa.

Ubishi mkali kuliko yote ulihusu VJ. Mama alitaka VJ, hata wa Kiswahili, akae na maikrofoni. Mwongozaji alisema ametengeneza filamu ili watu wasikie waigizaji wake, na VJ angemgeuza mpishi kuwa kichekesho. Wote wawili walikuwa na haki yao, na kwa maoni yangu Mama alikuwa na kubwa zaidi: watazamaji wake hawakuwa wakikosa tafsiri, walikuwa wakikosa mtu wa kuwashika mkono. Suluhisho lilitoka kwa mhariri. Mpishi ndiye mtunza stoo wa chombo, na mtunza stoo ana daftari. Kila baada ya matukio kadhaa mpishi anasoma daftari lake kwa sauti, kwa lafudhi ya mpakani na mzaha mkavu: "Siku ya nne. Madumu mawili na nusu. Injinia anavuta hewa kama anailipia." Hapohapo picha inaonyesha madumu yenyewe, ya manjano, yamepangwa mstari.

Matokeo

Onyesho la pili lilifanywa makusudi Jumamosi, saa ileile, si usiku ambapo mambo yangekuwa rahisi. Watu walikaa. Kufikia katikati walikuwa wakihesabu madumu kwa sauti pamoja na mpishi, na injinia alipowasha mtambo wake kwenye maji ya chumvi, bibi mmoja aliyewahi kuishi Katwe alimtukana kwa nguvu kabla mpishi hajaingia. Hakuna aliyeuliza adui yuko wapi.

Mama aliirudia kwa majuma kadhaa. Shule moja ya jirani huonyesha kipande cha klorini darasani, na nimeambiwa wanafunzi wanakikumbuka kuliko jaribio lenyewe.

Fedha ni habari nyingine. Kikundi kilimpa mwenye kibanda wa upande wa Kongo nakala nzima kwenye flashi, kwa kuaminiana. Kabla mwezi haujaisha filamu ilikuwa kwenye maduka ya kujaza muvi pande zote mbili, bei ya kujaza filamu yoyote. Hadi ninapoandika mfadhili hajarudishiwa hata nusu ya fedha yake. Hajakasirika, lakini hajaahidi tena.

Uchambuzi

Maelezo ya mwongozaji kwamba watazamaji hawakuwa tayari yalikuwa ya hatari kuliko makosa yote ya mwanga na sauti, kwa sababu yangefunga uchunguzi papo hapo. Filamu ya anga ni ngumu kibandani kwa sababu za kimwili zinazopimika. Inapenda weusi mahali ambapo jua linaingia kwa matundu, na inapenda ukimya mahali ambapo kuna jenereta. Kichekesho cha kijijini, kilichopigwa mchana kweupe na watu wanaopayuka, hakikutani na matatizo hayo, na ndiyo maana kikundi kilikuwa kimefanikiwa miaka yote bila kujua kwamba kuna kitu cha kujua.

Ukimya wenyewe haukuwa kosa. Mwongozaji ametunza toleo la kwanza, na aliponionyesha ule mwanzo wa kale katika chumba chenye spika nzuri Kampala, niliutetea mimi mwenyewe. Toleo lile lina chumba chake. Chumba hicho hakiko mpakani, na tiketi zilikuwa zikiuzwa mpakani.

Kuondolewa kwa bunduki mara nyingi husimuliwa sasa kana kwamba kilikuwa kipaji. Kilikuwa woga wa haki na amri ya LC1. Ninachoweza kuwasifia ni walichofanya baada ya hapo: hawakuweka adui wa badala, zimwi au roboti, jambo ambalo lingekuwa rahisi. Waliuliza nini kinaua watu mahali kama hapo, wakaenda kwa mtu anayejua. Hesabu ya mwalimu haikuwa pambo la kuifanya filamu ionekane ya kisayansi. Lita moja kwa siku ndiyo saa ya hadithi, klorini ndiyo kilele chake. Mwalimu angeletwa baada ya picha kupigwa, kama wengi wanavyowatumia wataalamu, angekuwa wa kukosoa tu.

Mambo kadhaa hayakufanya kazi hata katika toleo la pili. Tukio la kutua, ambalo kijana wa kompyuta wa mjini alilipwa sehemu nene ya bajeti kulichora, halikutajwa na mtazamaji hata mmoja niliyezungumza naye. Kiwanda cha Katwe kinapendeza na hakina kazi: wahudumu wanaingia, wanashangaa mabomba yenye kutu, wanatoka. Kibandani huo ndio wakati watu hutoka kununua karanga. Inasikitisha, maana kiwanda kilicholiwa na maji ya chumvi ndicho kingeweza kumwonya injinia kuhusu maji yale, na ukweli huo ulikuwa mbele ya kamera yao. Mwongozaji alikuwa ameambiwa hilo na mzee wa pale, akaona ni historia tu.

Kuhusu mkataba na usambazaji, kikundi kina bahati ambayo haitajirudia. Kofia ilificha kuondoka kwa kapteni. Filamu ya harusi isingeweza. Kwa kazi inayofuata kila mwigizaji anasaini karatasi moja inayosema atapatikana kwa upigaji wa nyongeza, na analipwa sehemu ya mwisho baada ya huo kumalizika. Nakala haitolewi kwenye flashi. Mwanakikundi anavuka mpaka na kompyuta, anaionyesha mwenyewe, anagawana makusanyo ya mlangoni na mwenye kibanda usiku huohuo, anarudi. Ni njia ya polepole na ya kuchosha, na haitaizuia simu ya mtazamaji kurekodi skrini. Ila kwa kibanda chenye jua la namna ile, nakala ya simu haitazamiki.